Muuzaji amenipunguzia bei ya mtoto wa mbwa anayeonekana mgonjwa: nimchukue au nimwache?

MamaPendo_Kiamunyi, Jumatatu usiku

Habari zenu wanajukwaa. Tunaishi Kiamunyi hapa Nakuru, na tangu wezi waingie kwa jirani yetu usiku, mimi na mume wangu tumekubaliana kufuga mbwa wa kulinda boma. Tulitafuta German Shepherd mtandaoni tukampata muuzaji aliyeko upande wa Lanet, ambaye alitutumia picha nzuri sana za watoto wanane, akasema wana wiki tisa, wamechanjwa na kupewa dawa ya minyoo, na kwamba kila mmoja ni shilingi 18,000. Alitaka tumtumie nusu ya pesa kwa M-Pesa ili atuwekee mmoja, lakini nilimwambia kwamba mimi sinunui hata kuku bila kumshika, nikaenda mwenyewe.

Niliyoyakuta hayafanani na zile picha. Watoto walikuwa watano, si wanane, wamefungiwa katika kibanda cha mabati kisicho na dirisha, sakafu imelowa, na harufu yake ilinilazimu kuzungumza huku nimeziba pua kwa leso. Nilipoomba kumwona mama yao niliambiwa amepelekwa shambani Njoro kupumzika. Kadi ya chanjo niliyoonyeshwa ilikuwa moja kwa wote watano, imejazwa kwa kalamu, bila muhuri wowote. Miongoni mwao kuna jike mmoja, mdogo kuliko wenzake, tumbo limevimba lakini mbavu zinahesabika, macho yamejaa tongotongo, ambaye badala ya kucheza alikuja akalala juu ya kiatu changu. Muuzaji alipoona namtazama sana huyo, alishusha bei papo hapo hadi 9,000, akaeleza kwamba ni mdogo kwa sababu ndugu zake humnyang'anya chakula, na kwamba akipewa maziwa kwa wiki moja atanenepa.

Niliondoka bila kulipa, ila tumeahidiana nimpigie simu kabla ya Jumamosi. Mume wangu anaona kwamba 9,000 ni bei nzuri hata tukiongeza gharama ya daktari, na binti yangu amekwisha kumpa mbwa huyo jina kutokana na picha niliyompiga. Naomba kujua gharama halisi itakuwa kiasi gani tukimchukua, kama kuna sheria yoyote inayomlinda mnunuzi wa mnyama, na kama ni haki kumwacha pale nikijua kwamba huenda akafa.

DaktariWaMifugo_Kisumu, Jumatatu usiku

Mama Pendo, asante kwa kueleza kwa makini, na kwa kuuliza mapema, kwa maana wengi hutuandikia mbwa akiwa amekwisha kufa. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu iko Kisumu, na ingawa siwezi kutaja ugonjwa wa mnyama ambaye sijamshika, uliyoyaona yanatosha kukuonyesha unachokaribia kukinunua.

Tumbo lililovimba kwa mtoto aliyekonda mara nyingi huwa ni minyoo, ile mirefu myeupe ambayo mtoto huipata akiwa bado tumboni mwa mama yake na kisha katika maziwa. Ndiyo sababu watoto wa mbwa huanza kupewa dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi waachishwe kunyonya, na mwenye tumbo la namna hiyo pengine hakupewa hata kama kadi inasema alipewa. Kusema kweli hilo ni dogo, dawa yake ni ya bei nafuu na hufanya kazi. La kuangalia ni kwamba mayai ya minyoo hiyo yanaweza kumwambukiza binadamu, hasa mtoto anayecheza mchangani, kwa hiyo katika boma lolote lenye mbwa mchanga kinyesi kizolewe kila siku na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wale watatu waliopungua. Muulize muuzaji walikwenda wapi, kisha umuulize tena siku nyingine uone kama jibu ni lile lile. Watoto wanapopungua katika kibanda chenye sakafu iliyolowa na harufu kali, na kadi yao ya chanjo haina muhuri, sisi madaktari hufikiria kwanza parvo. Virusi hivi hushambulia utando wa utumbo pamoja na uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa chembe za kinga, hivyo mtoto hutapika, huhara damu, hukaukiwa maji mwilini, na asipopata matibabu anaweza kufa katika siku chache. Tatizo kwa mnunuzi ni kwamba tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana huweza kupita siku tatu hadi saba, wakati mwingine zaidi. Unakabidhiwa Jumamosi mbwa anayetikisa mkia, Alhamisi anakataa kula, Ijumaa anatapika, na ukimpigia muuzaji anakuambia wewe ndiye uliyemlisha vibaya. Baada ya hapo virusi hubaki udongoni katika boma lako kwa miezi mingi, hata mwaka, vikimngoja mtoto mwingine asiye na chanjo.

Neno "wamechanjwa" nalo lisikutulize haraka. Chanjo ya kwanza ya mchanganyiko, yaani inayokinga magonjwa kadhaa kwa pamoja, parvo ikiwemo, hutolewa mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi. Ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu. Kwa hiyo mtoto wa wiki tisa, hata wa muuzaji mwaminifu kabisa, bado yuko katikati ya safari, na sehemu iliyobaki ni jukumu lako. Kadi halali ni ya mbwa mmoja, ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo ikionyesha nambari ya toleo na tarehe ya kuisha muda, kisha sahihi na muhuri wa daktari. Kila daktari wa mifugo nchini husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ile KVB, na nambari yake ya usajili unaweza kuiulizia.

Fanya jambo moja zaidi. Mwombe muuzaji akutumie video akiwa ameinua mdomo wa juu wa mtoto huyo. Mbwa akifikisha wiki nane huwa na meno yote 28 ya utotoni, membamba na makali. Ukiona meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, basi huyo ana wiki nne au tano, na alipaswa kuwa bado ananyonya.

Kuhusu gharama, nitakupa hesabu ya kliniki yangu, nawe uilinganishe na madaktari wa Nakuru. Chanjo ya mchanganyiko natoza 1,500 kila mara, na tukiifanya mara tatu ni 4,500, kisha kichaa cha mbwa 500, na dawa ya minyoo mia moja na hamsini kila awamu. Hayo ni ya mbwa asiye mgonjwa. Akiingia na parvo, natoza takriban 2,500 kwa siku kwa dripu, dawa za kuzuia kutapika na uangalizi, na wengi hukaa siku tano au sita, bila ahadi yoyote kwamba atapona. Jumlisha 9,000 zako na siku sita za matibabu, unafika 24,000 kabla ya chanjo hata moja, na unaweza kurudi nyumbani na kamba tupu mkononi.

Ushauri wangu ni usimnunue. Najua si jibu ambalo binti yako angependa kulisikia. Lakini ukitoa 9,000 kwa huruma, muuzaji anajifunza kwamba hata mgonjwa ana soko, na yule mama ambaye hukuonyeshwa atapandishwa tena joto lake litakaporudi, yaani baada ya miezi sita au minane hivi.

MfugajiKitale, Jumanne asubuhi

Nianze kwa kusema kwamba mimi huzalisha German Shepherd na kuwauza, kwa hiyo msinisikilize kama mtu asiye na upande. Daktari amesema sawa kwa sehemu kubwa, ingawa naye angekiri kwamba kuna wenzake wanaotia muhuri kadi za mbwa wasiowaona, na kwamba kuna chanjo zinazonunuliwa dukani kwa agroveti, zikasafirishwa mfukoni kwenye jua la mchana na kudungwa na mwenye mbwa mwenyewe. Chanjo inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka inapotumika. Ikipata joto, unadunga maji tu, na stika kwenye kadi itaonekana safi kabisa.

Mama Pendo, wateja huniuliza kwa nini mtoto kwangu ni 30,000 wakati barabarani wapo wa 12,000. Simpandishi jike kabla hajatimiza miaka miwili, na kabla ya hapo hupigwa picha ya eksirei ya nyonga, kwa sababu German Shepherd ni jamii inayosumbuliwa sana na nyonga zisizokaa vizuri katika tundu lake, na kasoro hiyo hurithiwa. Huioni kwa mtoto wa miezi miwili. Unaiona akiwa mkubwa, anaposhindwa kuinuka asubuhi, wakati ambapo familia yote imekwisha kumpenda na muuzaji amekwisha kubadilisha laini ya simu. Mimba huchukua takriban siku 63, na katika wiki za kunyonyesha mama wa watoto wanane hula mara mbili au tatu ya chakula chake cha kawaida, na asipopewa hujikausha mwenyewe kwa ajili ya maziwa. Hapo sijataja dawa ya minyoo ya watoto wote kila wiki mbili, chanjo zao, na usiku ambao mtu halali kwa sababu jike anazaa. Anayeuza kwa 12,000 na bado anapata faida ameacha kulipia kitu fulani kati ya hivyo, na wewe ndiye utakayekilipia.

Kingine ambacho watu hawakijali ni malezi. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na nne mbwa hujifunza dunia ni kitu gani, yaani sauti za watu, watoto wanaokimbia, pikipiki, kuku, radio. Aliyepitisha muda huo ndani ya mabati gizani anaweza kukua akiwa mwoga, na mbwa mwoga mwenye mwili mkubwa ndiye anayemuuma mtoto wa jirani. Mnatafuta mlinzi wa boma, kwa hiyo jambo hili linawahusu kuliko rangi ya manyoya.

Mimi simtoi mtoto kabla ya wiki nane, na kabla ya kupokea pesa huuliza maswali: boma lina ua, nani anashinda nyumbani, mtamlisha nini, na mkienda nyumbani kwa likizo ya Desemba mbwa atabaki na nani. Wapo waliokasirika wakasema kwamba hawaombi kazi. Muuzaji asiyekuuliza chochote ila lini utatuma pesa anauza kama broka wa viazi. Ukiambiwa mbwa ana karatasi za ukoo, omba kuziona, kisha uthibitishe na East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, kule Nairobi, kwa kuwa karatasi ni rahisi kuchapisha kuliko kumtunza mama wa mbwa. Lakini nisiwaonee wadogo: wapo watu wasio na karatasi yoyote ambao jike wao mmoja amezaa, wanakukaribisha jikoni, unamwona mama, unaona watoto wakilala kwenye gunia kavu, na hao ningewaamini kabla ya wengi wenye tovuti nzuri.

Mwenyeji_Lurambi, Jumanne mchana

Mnazungumzia 30,000 kana kwamba wezi huuliza mbwa ni wa jamii gani kabla ya kuruka ua. Hapa Kakamega nimefuga mbwa wa kienyeji maisha yangu yote, wanabweka usiku, wanakula ugali na omena, na hupati shida ya nyonga. Mama Pendo akiuliza majirani, hatakosa mtu ambaye jike wake amezaa na anayetafuta wa kumchukulia watoto bure. Nakubali tu kwamba wa bure naye ana gharama, kwa sababu parvo haimwachi kwa kuwa ni wa kienyeji, na kichaa cha mbwa ndiyo kabisa. Serikali za kaunti huwa na kampeni za chanjo ya kichaa, mara nyingi bila malipo, kwa hiyo mtu aulizie kwa afisa wa mifugo wa eneo lake badala ya kungoja mpaka mbwa amuume mtu.

MamaPendo_Kiamunyi, Jumatano jioni

Nawashukuru nyote. Nilimwomba muuzaji ile video ya meno, naye akaniuliza kama nanunua mbwa au ng'ombe, lakini mwishowe aliituma. Meno ya mbele yanaonekana kama punje za mchele zinazochungulia kwenye ufizi, na pembeni hakuna chochote. Nilimuuliza pia kuhusu wale watatu. Siku ya kwanza, mume wangu alipopiga simu, alisema walichukuliwa na mteja wa Nairobi. Leo anasema mmoja alichukuliwa na wawili walikataa kunyonya.

Nimeitazama tena picha ya kadi. Chanjo ya kichaa cha mbwa imeandikwa kuwa ilitolewa wiki mbili zilizopita. Kama watoto hawa wana wiki tano sasa, basi walichanjwa kichaa wakiwa na wiki tatu, jambo ambalo kwa maelezo ya daktari haliwezekani.

Bei imeshuka tena hadi 6,000, na ananiambia kwamba kuna mwingine anayemtaka kesho asubuhi. Mume wangu sasa amenyamaza kuhusu bei nzuri, ila binti yangu hajanyamaza.

KaraniMstaafu_Nakuru, Jumatano usiku

Niliwahi kufanya kazi ya ukarani mahakamani kabla ya kustaafu, kwa hiyo nijibu lile swali la sheria ambalo limerukwa. Mimi si wakili, na mwenye kesi kubwa amtafute wakili.

Mnyama, kwa macho ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Mtu akikuuzia kitu kwa maelezo, mathalani German Shepherd wa wiki tisa aliyechanjwa, kitu hicho lazima kilingane na maelezo. Kisipolingana una madai. Ndiyo maana mazungumzo ya WhatsApp, picha za tangazo na ujumbe wa M-Pesa havifutwi, kwani ndio ushahidi wako. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaijui, dada yangu, kwa sababu inagusa hasa hali yako. Ile Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamdai mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni, lakini mnunuzi akiwa amekikagua kitu kabla ya kukinunua, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kumwonyesha. Wewe umeliona tumbo, umeyaona macho, umepewa punguzo kwa sababu ya hayo hayo, na sasa umeandika hapa kwamba unajua umri si wa kweli na kadi ina walakini. Ukimlipa 6,000 kesho na mbwa akafa Jumatatu, muuzaji atasema mbele ya hakimu kwamba ulijua ulichokinunua, na sioni utamjibu nini. Punguzo lile ndilo linalomlinda yeye.

Kuhusu kumripoti, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne inazipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo mahali pa kwanza ni ofisi ya huduma za mifugo ya kaunti ndogo iliyo karibu na kibanda hicho. Kumfungia mnyama katika mateso ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na polisi wanaweza kupokea taarifa hiyo. Eleza ulichokiona kwa macho yako tu: kibanda, sakafu, idadi, kadi. Usiongeze dhana, na usitaje jina la mtu mtandaoni.

Nyaboke_Kisii, Alhamisi asubuhi

Samahanini, naona mmemgeuza kiumbe huyu kuwa hesabu. Dada yangu alimchukua mmoja wa namna hii, amekonda, ana viroboto mpaka ufizi umekuwa mweupe kwa kukosa damu, na leo ni jibwa kubwa linalolala mlangoni pake. Kama kila mtu atamwacha ili kumfundisha muuzaji adabu, atakayefundishwa ni mtoto wa mbwa. Mwenye uwezo wa kulipa daktari na amchukue, aache maneno.

DaktariWaMifugo_Kisumu, Alhamisi mchana

Bi Nyaboke, sikubishii. Wapo wanaopona, na kazi yangu ingekuwa haina maana kama wasingepona. Nakubaliana nawe pia kwamba si haki kumwadhibu mtoto kwa kosa la mtu mzima. Tunachotofautiana ni nani apewe pesa. Afisa wa mifugo akifika pale anaweza kuwaangalia wote watano pamoja na mama yao, wakati ukimnunua mmoja wanne wanabaki ndani ya mabati na kibanda kinapata fedha ya kuendelea.

Kama mtu ameamua kumchukua liwalo na liwe, basi ajiulize kwanza kama nyumbani kwake au kwa jirani wa karibu kuna mbwa asiye na chanjo, kwa sababu hapo huruma yake inawagharimu wengine. Amtoe kibandani moja kwa moja hadi kliniki, asipitie nyumbani kumwonyesha watoto. Amtenge kwa wiki mbili mahali penye sakafu ya saruji inayooshwa, asimguse kabla ya kugusa mbwa wengine, wala asimpe dawa za binadamu za kutuliza maumivu au homa, maana baadhi yake humuua mbwa. Mtoto wa wiki tano pia asipewe maziwa ya ng'ombe kwa wingi kama muuzaji alivyoshauri, kwani yanaweza kumharisha. Apewe chakula laini cha watoto wa mbwa kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Ni kazi ya mtu anayeshinda nyumbani.

Na kwa kuwa tumezungumzia kadi ya kichaa iliyojazwa uongo, niseme hili kwa uzito. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara huua, na visa karibu vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza mpango wa taifa wa 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza, na msingi wa mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kadi ya uongo inamfanya mwenye mbwa asiende kwenye kampeni akidhani amemaliza. Yeyote anayeumwa au kukwaruzwa na mbwa ambaye chanjo yake haijulikani, hata akiwa mdogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

MamaPendo_Kiamunyi, Ijumaa jioni

Sikumnunua. Jana nilikwenda katika ofisi ya mifugo nikaeleza kama Mzee Karani alivyonielekeza, nikawaachia picha za kibanda na za kadi. Afisa aliniuliza njia ya kufika, akaiandika, na leo mchana amenipigia akasema wamefika, wamemkuta mama wa mbwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo, si Njoro, na kwamba watoto waliobaki wameanza kutibiwa kwa gharama ya muuzaji. Kuhusu yule mdogo hakusema zaidi ya kwamba yu hai, nami nimemwambia binti yangu hivyo hivyo bila kuongeza.

MfugajiKitale, nimekuandikia faraghani. Tunaweza kungoja mpaka watoto wako wafikishe wiki nane, na kabla ya hapo mume wangu atakuwa amemaliza ua wa upande wa nyuma. Ungependa tuje kuwaona wakiwa na wiki ngapi?

Daktari, nina swali moja. Viatu nilivyovaa siku ile viko barazani tangu Jumatatu, na jirani ana jike mwenye watoto wa wiki tano ambao huja kucheza kwetu. Je, kuna hatari?

MfugajiKitale, Ijumaa usiku

Njooni wakiwa na wiki sita, mchana, watoto wakiwa macho. Mama yao mtamwona, lakini msimkaribie mpaka nimwite mimi.

DaktariWaMifugo_Kisumu, Ijumaa usiku

Ndiyo, hatari ipo, kwa sababu virusi vya parvo husafiri kwenye nyayo, na sabuni ya kawaida peke yake haiviui. Vioshe kwanza matope na uchafu wote kwa brashi, kisha vitie ndani ya maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kama Jik, sehemu moja ya dawa kwa sehemu thelathini za maji, uviache kwa dakika kumi kabla ya kuvisuuza. Fanya hivyo hivyo na sakafu ya baraza pale vilipokaa, na brashi yenyewe. Kama viatu ni vya ngozi vitaharibika rangi, amua mwenyewe.

Watoto wa jirani wabaki kwao kwa sasa. Mweleze ulikokwenda, kisha umwombe ampigie daktari wake mapema amwulize lini wapate chanjo ya kwanza, kwa kuwa palipo na hatari tunaweza kuianza wakifikisha wiki sita badala ya kungoja nane.